Globu za Ngazini

Bwana Ridhwani alipoacha biashara ya vipuri vya mashine za boti na kuwaachia wanawe walioko Mombasa, bidii yake yote aliihamishia kwenye nyumba. Ilikuwa nyumba ya mawe aliyorithi kwa babu yake, ndani ya vichochoro vya mji wa Lamu, yenye kuta nene na ngazi iliyopinda mara mbili kabla ya kufika juu. Ngazi hiyo ilikuwa na giza hata mchana. Watu waliipanda kwa kupapasa ukuta, na kila alipokuja mgeni, Bi Rawiya, mkewe, alikuwa akipiga kelele kutoka chini: "Daraja ya kwenye kona imelika, tahadhari!"

Basi Bwana Ridhwani akaazimia kuitia nuru. Alimwagiza fundi fanusi za shaba zenye vioo vya kijani na vyekundu, zilizozibwa kila upande ili wadudu na mijusi wasiingie. Zilipokuwa tayari alizining'iniza mwenyewe, moja kwenye kila kona ya ngazi, moja ukumbini, nyingine juu kwenye vyumba vya kupangisha. Ndani yake akatia globu mpya za kuokoa umeme. Kwenye kasha lake iliandikwa kwamba kila moja itadumu miaka kumi na mitano. Alimsomea mkewe maneno hayo, kisha akatoka nje akamsomea jirani yake, Bwana Bakr, ambaye hakuwa ameuliza.

"Miaka kumi na mitano," alisema. "Na mimi umri wangu wagonga sabini. Globu hizi ndizo zitakazonizika, Bakr."

Jikoni hakutia fanusi. Alisema moshi utaichafua shaba, ya nini. Aliifunga globu moja ya aina ile ile kwenye waya, ikaning'inia tupu juu ya meko, na Bi Rawiya akaridhika nayo.

Orofa ya juu alikuwa akikaa mpangaji, mwalimu wa shule ya msingi, jina lake Keziah Jepchirchir. Kwao ni bara, upande wa Nandi. Alifika Lamu na sanduku moja la bati na hofu ya bahari. Wiki zake za kwanza akipanda boti alikuwa akifumba macho mpaka aguse nchi kavu. Bi Rawiya alimwonea huruma. Binti yake wa pekee, Razan, aliolewa akaenda Maskati, na tangu hapo jikoni kwake hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Kwanza walikuwa wakiamkiana ngazini tu. Baadaye mwalimu akawa anashuka jioni, anaketi kwenye mbuzi, anakuna nazi huku akieleza jinsi asubuhi za kwao zilivyo na baridi hadi majani ya chai yanavaa umande kama shanga. Bi Rawiya alipopatwa na homa mwezi wa Mfungo Sita, ni Keziah aliyelala kwenye mkeka kando ya kitanda chake, akimkanda maji na kumlisha uji kwa kijiko. Tangu siku hizo alimwita Mama, na Bi Rawiya akaitika bila kufikiri.

Globu ya kwanza iliungua kabla ya Ramadhani kuandama. Bwana Ridhwani aliibadilisha kimya kimya. Katika kila kasha, alisema, haikosi moja mbovu. Ya pili ilipoungua alinyamaza. Ya tatu ilikuwa ya orofani, na hapo ndipo akaanza kuuliza maswali.

"Mwalimu huzima taa alalapo?"

"Huzima," alijibu mkewe.

"Na hizo kompyuta za shule aletazo nyumbani, hazivuti umeme?"

"Ridhwani, huyo mtoto ana simu moya tu kama mimi na wewe."

Hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa na tabia ya kuliweka jambo moyoni likampanda polepole, kama chumvi inavyopanda ukutani. Hulioni mpaka chokaa ibanduke. Fanusi zile zilikuwa fahari yake. Watalii walisimama mlangoni kuzipiga picha. Kila moja ilipozimika aliona kama mtu amemzomea.

Keziah aliyasikia maswali hayo, kwa kuwa kuta za nyumba ni nene lakini ngazi inapitisha sauti. Siku moja alishuka jikoni akasema, "Mama, mzee anaumia. Hebu tufanye hivi. Nikiona moja imezimika, nitaibadilisha mimi kabla hajaiona. Niachie tu, si kitu kikubwa."

Bi Rawiya alicheka mpaka akafuta machozi. "Na akitubaini?"

"Atatubaini vipi? Zote zafanana."

Wakawa na siri. Bwana Ridhwani akienda msikitini, Keziah alipanda juu ya kigoda, Bi Rawiya akakishika miguu, globu iliyokufa ikatoka na mpya ikaingia. Walicheka chinichini kama wasichana wanaoiba maembe. Globu zilizoungua Keziah alizificha kwenye katoni chini ya kitanda, maana Bwana Ridhwani ndiye aliyemwaga takataka za nyumba, na angeziona.

Na mzee alifurahi kweli. Alimwambia Bwana Bakr, "Waona? Zilikuwa mbili tatu mbovu, sasa zimetulia."

Siku moja katika kubadilisha, Keziah aliigusa fanusi kwa kiganja akakirudisha upesi. "Mama, shika hapa."

Bi Rawiya akaigusa. Shaba ilikuwa ya moto kama kifuniko cha sufuria.

"Globu hii hii ndiyo iliyo jikoni kwako," Keziah alisema. "Ile yaning'inia hewani, nayo haijaungua tangu ilipotiwa. Hizi joto lake halina pa kutokea."

"Basi yazipika," Bi Rawiya alisema. "Hii fanusi ni chungu."

"Tumwambie?"

Bi Rawiya alifikiri. Alimkumbuka mumewe akipangusa vioo vile kwa kanga kuukuu, kimoja kimoja, akiimba kidogo. "Si leo," alisema. "Moyo utamvundika. Nitamwambia taratibu, siku akiwa na furaha."

Zikaja siku nyingi za furaha, na hakumwambia. Wakati mwingine alisahau. Wakati mwingine alikumbuka, akaona furaha yenyewe ndiyo ya fanusi, akaacha.

Likizo ya Agosti ilipokaribia, katoni chini ya kitanda ilikuwa imejaa. Keziah aliamua kuipeleka mtaa wa Wiyoni, kwa mwalimu mwenzake Quinter, ambaye kwake palichimbwa shimo la vitu vya aina hiyo. Siku moja kabla ya kuipeleka, globu ya kona ya juu ilikuwa imeungua, na kabla hawajawahi, Bwana Ridhwani akaiona. Alilala amenuna.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Bwana Ridhwani na Bwana Bakr walikuwa wamekaa kwenye daka, vile vibaraza vya mawe vya mlangoni, na wanaume wengine wawili waliotoka msikitini walikuwa wamesimama wakiongea nao. Bi Rawiya alikuwa ndani, nyuma ya mlango uliorudishwa nusu, akiwatayarishia kahawa. Keziah alishuka ameikumbatia ile katoni, juu yake ameifunika leso.

"Mwalimu," Bwana Ridhwani alisema, "una nini humo?"

"Takataka tu, Bwana Ridhwani. Naenda kuzitupa Wiyoni."

"Takataka hazibebwi kama mayai."

Alisema kwa mzaha, na wenzake wakacheka. Lakini Keziah alibabaika. Aliibana katoni zaidi, na ndani yake vikagongana vitu vya kioo. Mzee akainuka, akanyoosha mkono, akaifunua leso.

Alizitazama globu zile kwa muda. Kisha akaitoa moja, akasoma jina lililochapwa shingoni mwake.

"Hizi ni zangu."

"Zimeungua, Bwana Ridhwani."

"Nayua zimeungua! Si ndizo hizo unitiazo mimi yuu ya ngazi? Nami kila siku nashangaa, globu za miaka kumi na mitano zafa kama nzi. Kumbe nzima zaenda kuwaka Wiyoni kwa wenzio, zikifa mizoga yao waniletea mimi!"

"Sivyo."

"Basi ni vipi? Sema, watu hawa wasikie."

"Ridhwani, punguza," Bwana Bakr alisema.

Keziah angeweza kusema. Aligeuza uso akautazama mlango.

Bi Rawiya alikuwa hapo. Alikuwa ameweka sinia chini na mkono wake wa kulia umeshika ukingo wa mlango. Ilikuwa ni kuusukuma tu. Maneno yalikuwa tayari kinywani: mimi nayajua haya, ni mimi na yeye. Lakini nje mumewe alikuwa na wanaume watatu, na kila aliloweza kulisema lilikuwa la kumwaibisha mumewe mbele yao. Kwamba fahari yake ilikuwa mbovu. Kwamba mkewe na mpangaji walikuwa wakimdanganya kama mtoto ili asilie. Alijiambia, akiingia ndani nitamwambia. Sasa hivi tu. Akiingia.

"Watu wa bara ndivyo mlivyo," Bwana Ridhwani alikuwa akisema. "Ukiwapa shubiri mwataka pima. Mke wangu amekufanya mwana, nawe wamwibia taa za kumwangazia ndia."

Keziah aliendelea kuutazama mlango. Kisha akaifunika leso vizuri juu ya katoni, ncha zote nne, akasema, "Nimekusikia, Bwana Ridhwani," akaenda zake kuelekea Wiyoni, na kwenye kona alijibana ukutani kumpisha punda aliyebeba mchanga.

Bwana Ridhwani alipoingia ndani alikuwa bado na hasira, na Bi Rawiya akaona huo si wakati. Alimpa maji. Baada ya magharibi, Keziah alikuwa amesharudi. Bi Rawiya alipanda na sahani ya wali na samaki wa kupaka. Mlango wa juu ulikuwa umefungwa.

"Keziah, mwanangu. Nifungulie."

"Ninasahihisha mitihani, Mama."

"Basi ule kwanza."

"Asante. Iache hapo."

Aliiacha. Asubuhi aliikuta pale pale, kitambaa hakijafunuliwa, na ngazini mchukuzi alikuwa akiliteremsha lile sanduku la bati. Keziah alikuja nyuma yake na funguo mkononi. Alimpa Bi Rawiya funguo, akambusu mkono kama binti wa Kiamu anavyofanya, akamshukuru kwa wema wote. Bi Rawiya alisema, "Usende, nitamweleza, nipe mpaka mtana." Keziah alitabasamu kidogo akasema punda wa kumfikisha kwa Quinter ameshalipwa.

Mambo yangeweza kurekebishika hata wakati huo. Wiyoni si mbali. Mtu mzima anatembea huku anahesabu tasbihi, anafika kabla hajaimaliza. Lakini Bi Rawiya aliona haya kwenda na mikono mitupu, bila kumwambia mumewe kwanza, na mumewe kila alipomkabili alikuwa na jambo. Leo kichwa kinamuuma. Kesho kuna harusi. Naye Bwana Ridhwani alijua kwamba amesema maneno makali kupita kiasi, na kwa kuwa alijua, hakutaka jina la mwalimu litajwe. Wakaishi hivyo, kila mmoja akipita kando ya neno lile.

Vyumba vya juu vikabaki vitupu. Hakuna aliyepanda, hakuna aliyeshuka ila wenyewe. Na siku moja mchana, walipokuwa wakila, taa ya ukumbini ikapepesa mara mbili ikazimika.

Bwana Ridhwani aliacha kula. Alikwenda kuitazama. Akarudi, akakaa, akasema kwa sauti ndogo, "Imeungua."

"Na ya kona ya chini iliungua yuzi," mkewe alisema. "Niliibadilisha mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Nikiwa na Keziah tulikuwa tukibadilisha pamoja. Tangu Ramadhani. Alikuwa akizinunua yeye ili wewe usisikitike. Zile zilizokuwamo kwenye katoni ni zilizokufa ndani ya fanusi zako, Ridhwani. Hakuna hata moya iliyoibwa."

Alimwambia yote, kwa mara moja, kama mtu anayetapika. Kisha akamshika mkono, akampeleka mpaka ukumbini, akaiweka ile mikono yake ya kizee juu ya shaba, ambayo bado ilikuwa ya moto. Kisha akampeleka jikoni akamwonyesha globu iliyojaa masizi, yenye utando wa buibui kwenye waya, inayowaka tangu siku ile ile ya kwanza.

Bwana Ridhwani aliitazama sana. Hakuuliza habari za globu. Aliuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoya uwe na furaha."

"Siku ile, je? Ulikuwa wapi?"

Bi Rawiya aliinua mkono akaupangusa ule utando wa buibui kwenye waya.

"Ulikuwa nyuma ya mlango," alisema mzee. "Sinia la kahawa nililikuta hapo chini. Rawiya, ungalisema neno moya. Ningalikasirika, ningalitukana, kisha ningalicheka. Wanijua."

Ni kweli alimjua. Hilo ndilo lililomchoma.

Kabla ya kufanya jambo lolote lingine, Bwana Ridhwani aling'oa vioo vya fanusi. Hakuving'oa kwa hasira. Alivilegeza kimoja kimoja kwa bisibisi na kuvipanga kwenye kasha, vikabaki vyuma vitupu na globu ndani yake, kama vizimba vya ndege. Hazikuwa nzuri tena, na watalii hawakusimama. Lakini globu hazikuungua tena. Kisha siku hiyo hiyo alikaa kwenye daka, akangoja mpaka Bwana Bakr na wale wawili wakapatikana, akawaambia: niliyoyasema juu ya mwalimu yule ni uongo, na mwenye kuyachukua ayarudishe alikoyapeleka. Mtu wa rika lake kusema hivyo mbele za watu si jambo dogo. Bwana Bakr alimshika bega.

Kisha wote wawili wakaenda Wiyoni. Walimkuta Quinter peke yake, akianua nguo.

"Mwalimu Keziah hayuko hapa," alisema. Hakuwakaribisha kuketi. "Aliomba uhamisho. Wamempeleka Kizingitini."

"Aliomba Kizingitini?" Bi Rawiya alishangaa. Alijua jinsi yule mtoto alivyoogopa maji.

"Aliomba popote," Quinter alisema.

Safari ya Kizingitini, ng'ambo ya kisiwa cha Pate, ilimchosha Bi Rawiya. Boti ilikaa kwenye mkondo ikingoja maji yajae, na jua lilikuwa utosini walipoteremka, katikati ya wavuvi waliokuwa wakipima kamba wa kuuza. Waliuliza nyumba za walimu wakaelekezwa. Keziah alikuwa uani, akifua. Alipowaona alijikausha mikono kwenye sketi, akasimama sawasawa.

Bwana Ridhwani hakungoja kukaribishwa ndani. Aliongea pale pale uani, kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani.

"Mwalimu, nimekuya kukuomba radhi. Nilikutukana mbele ya watu, na mbele ya watu nimeyafuta. Wewe ulinitendea wema, nami nikakulipa matusi. Ukitaka kunisamehe, nisamehe. Usipotaka, una haki."

Machozi yalimlengalenga Keziah. "Nimekusamehe, Baba. Kweli nimekusamehe. Ingieni, msisimame juani."

Aliwapikia chai, akaenda kukopa sukari kwa mwenziwe, Mwalimu Emily wa nyumba ya pili. Walizungumza habari za shule na za bahari. Alisema sasa hafumbi tena macho akiwa botini. Bwana Ridhwani alianza kucheka, akamweleza juu ya vizimba vyake vya ndege vinavyoning'inia ngazini, na Keziah akacheka naye. Kisha adhana ikasikika, mzee akaomba ruhusa aende msikitini. Wanawake wawili wakabaki.

Bi Rawiya alikizungusha kikombe. "Vyumba bado vi wazi," alisema. "Hatujampa mtu. Uhamisho unaweza kuombwa tena."

"Siwezi, Mama."

"Si umemsamehe?"

"Mzee? Nimemsamehe hata kabla hajavuka maji. Yeye hakunijua. Alimjua mpangaji, na mpangaji mtu anaweza kumdhania chochote." Keziah aliitazama mikono ya Bi Rawiya. "Niliviona vidole vyako."

Bi Rawiya alikiweka kikombe chini.

"Mlango ulikuwa nusu wazi. Niliviona vidole vyako na hina yake, ile niliyokupaka mimi kwa ajili ya harusi ya jirani. Nikajiambia, sasa hivi atatoka. Maneno ya mzee wala sikuyasikia vizuri. Nilikuwa natazama vidole nikingoja visogee."

"Nilitaka kusema ndani, peke yetu. Nilitaka nisimwaibishe."

"Najua. Nimelifikiri sana, na najua." Sauti yake haikupanda. "Na mimi nilinyamaza kwa sababu hiyo hiyo. Sikutaka kumwaibisha. Lakini aliyeitwa mwizi nilikuwa mimi, Mama. Si wewe wala si yeye."

Bi Rawiya alilia. Aliomba radhi, na Keziah akamshika mikono, akasema amemsamehe na yeye pia, na hakusema uongo. Ila alisema, "Nikirudi nitakuwa kila siku nasikiliza kama kuna mtu nyuma ya mlango. Mtu hawezi kukaa nyumba ya namna hiyo."

Waliporudi kwenye boti, Bwana Ridhwani alikuwa mwepesi kama aliyeshusha gunia. "Alhamdulillahi," alisema. "Yule ni mwana wa watu. Mambo yamekwisha."

"Yako yamekwisha," mkewe alisema.

Alimtazama, akataka kuuliza, kisha akaona asiulize.

Mwaka ulipita. Vyumba vya juu wakampangisha Nicodemus, karani wa serikali, kijana mpole aliyelipa kwa wakati na kuamkia kwa heshima. Mara moja alishuka jikoni kuomba kiberiti, akachelewachelewa mlangoni kama mtu anayependa kukaribishwa. Bi Rawiya alimpa kiberiti, akamwuliza hali ya kazi, wala hakumwambia aketi. Baadaye alijilaumu kwa hilo pia.

Shule zilipofungwa Novemba, Quinter alimkuta Bi Rawiya sokoni akamwambia kwamba Keziah anaondoka moja kwa moja. Baba yake ni mgonjwa, naye Keziah amepata shule karibu na kwao. Kesho asubuhi atapita Lamu, kisha avuke hadi Mokowe, bara, kupanda basi.

Bi Rawiya aliwahi gatini kabla ya boti ya Pate kufika. Alikuwa na kanga mpya ndani ya mfuko, na kichwani mwake maneno aliyokuwa ameyapanga usiku kucha. Boti ilipofunga, watu wakashuka kwa kusukumana, kuku, magunia, na Keziah akiwa katikati yao, amenenepa kidogo, sanduku la bati likibebwa na mchukuzi. Pamoja naye alikuwa Mwalimu Emily na walimu wengine wanaokwenda likizo.

"Keziah!" Bi Rawiya aliita. Aliita kwa sauti kubwa, katikati ya umati, bila kujali nani anamtazama.

Keziah aligeuka. Uso wake ukachangamka, akaja upesi, wakakumbatiana. Alipokea kanga, akaifunua, akaisifu rangi yake. Aliuliza hali ya mzee. Bi Rawiya akauliza habari za baba, akaambiwa ni figo. Nahodha wa boti ya Mokowe alikuwa akiwahimiza abiria, na yale maneno yaliyopangwa hayakupata nafasi ya kupita.

Mwalimu Emily alikuwa amesimama kando akingoja, na Keziah, kwa adabu, akamvuta mkono asogee.

"Emily, huyu ndiye Bi Rawiya," alisema. "Nilikuwa nimepanga kwake, zamani nikifundisha Lamu."

"Nashukuru kukufahamu," Emily alisema.

"Nami nashukuru," alijibu Bi Rawiya.

Nahodha aliita tena. Keziah akaruka ndani ya boti bila kushikwa mkono, akaketi pembeni kabisa, karibu na maji, kanga ile mapajani. Alipunga mkono mpaka boti ikageuza pua. Bi Rawiya alisimama gatini kitambo, watu wakimpita huku na huku na mizigo yao, kisha akakumbuka kwamba nyumbani hakuna samaki, akaelekea sokoni.